Shela, Kiwayu, Wasini au Takawiri: nyumba ya kukodi kisiwani mwezi wa kumi

Yote yalianza na picha ya binamu yangu. Anaishi Glasgow, kazi yake ni kutunza wazee, na kila Oktoba shule za kule zikifunga kwa likizo fupi, yeye na wenzake huchanga pesa wakakodi kijumba cha mawe kwenye kisiwa cha Harris, huko Hebrides, magharibi mwa Uskoti. Nyumba za kule hukodishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi, unapewa ufunguo na kuni, mengine ni juu yako. Picha ilikuwa ya ufuo wa Luskentyre: mchanga mweupe, maji ya rangi ya feruzi, hakuna hata nyayo. Watoto wangu waliizungusha simu mezani wakaapa kwamba ni Lamu. Kisha ikaja video. Binamu anaingiza vidole vya mguu majini, anaruka na kupiga yowe kama aliyekanyaga kaa la moto. Bahari ya huko mwezi wa kumi haizidi nyuzi 13 au 14, na mwezi ukiisha jua linazama saa kumi na nusu jioni.

"Njooni mwaka huu," akasema. Tukapiga hesabu ya viza, tiketi za watu sita na makoti ya watu sita, kisha tukanyamaza. Lakini alinipa habari moja ambayo sijaisahau. Kwenye kisiwa cha Barra, kusini mwa Harris, ndege za abiria hutua juu ya mchanga wa ufuo wenyewe, na ratiba yake hupangwa kwa kufuata maji kupwa na kujaa. Mwenye ratiba ni bahari.

Nilicheka, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo sisi wa Nairobi hatuulizi kamwe tunapokodi nyumba visiwani kwetu. Tunauliza vyumba vingapi, intaneti ipo, na kama bei inapungua. Picha zote zinafanana: mnazi, mashua, mchanga. Visiwa hutofautiana pale picha isipofika, yaani kipande cha mwisho cha safari kutoka gatini hadi kitandani, na maji ya kunywa yanakotoka. Kwa hiyo nimevilinganisha vinne kwa maswali hayo. Sizungumzii hoteli. Nazungumzia nyumba au banda unaloingia na mizigo yako, unapika mwenyewe au unapikiwa, na hakuna anayekuletea bili ya soda.

Mwezi wa kumi una nini

Kwa mzungu, vuli ni majani kupukutika. Kwetu vuli ni mvua, na mtu anayekwenda kisiwani Oktoba anacheza mchezo wa kuitangulia.

Pwani hugawa mwaka kwa upepo. Upepo wa kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, huvuruga bahari na kutupa mwani ufuoni. Kaskazi huja Desemba. Katikati kuna demani, kusi ikichoka, na maleleji, siku ambazo hakuna upepo unaojua unakwenda wapi. Oktoba iko hapo. Maji huanza kuwa maangavu, mashua ndogo hupita mahali ambapo Julai zingegeuza, na joto la bahari huwa nyuzi 27 hivi. Hakuna anayepiga yowe.

Ziwa Victoria lina kalenda yake. Huko vuli huja na radi, na dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku hadi alfajiri. Mchana unaweza kuwa wa jua kali kabisa, kisha saa tisa usiku bati linapigwa kama ngoma.

Kama huna watoto wa shule, nenda nusu ya kwanza ya Oktoba. Ukiwa nao huna hiari. Muhula wa tatu hufungwa mwezi ukielekea kuisha, na wakati huo mvua imeshabisha hodi. Miaka mingine hupita kimya. Mingine kama 2019 na 2023 vuli ilifurika. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara za Tana River, na ndiyo njia ya basi la kwenda Lamu. Ukipanga kupita huko, acha siku mbili za akiba kabla ya siku ya kurudi kazini.

Kutoka gatini hadi kitandani

Tuanze na Shela, kijiji kilicho kwenye kisiwa cha Lamu, kwa kuwa ndiyo rahisi kwa mwenye nauli ya ndege. Ndege kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hutua kwenye kisiwa cha Manda. Unashuka, unasukuma mzigo kwa mkokoteni hadi gatini, unaingia boti, na dakika chache baadaye uko mji wa Lamu au, ukinyoosha kidogo, Shela. Ni mlango kwa mlango ukilinganisha na visiwa vingine. Kikwazo ni kilo. Ndege hizi ndogo huruhusu kilo 15 kwa mtu, tena zinapenda begi laini. Safari yetu ya kwanza shangazi alikuja na mchele, unga wa chapati na sufuria yake ya biriani, maana hakuwaamini wapishi wa watu. Sufuria ilibaki Nairobi. Kwa basi ni siku nzima au zaidi, kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Nimeifanya mara moja, na mgongo wangu bado una maoni.

Wasini ndicho cha mwenye bajeti ya treni. Panda treni ya asubuhi pale Syokimau, tiketi ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na alasiri uko Miritini, stesheni ya Mombasa. Tangu barabara ya Dongo Kundu ianze kutumika huna haja ya kupanga foleni ya feri ya Likoni. Unakata moja kwa moja kuelekea kusini mwa pwani. Saa mbili hivi kwa gari hadi Shimoni, halafu boti ya robo saa. Nasisitiza treni ya asubuhi. Ukichukua ya alasiri unafika Mombasa usiku, na utalala huko kwa gharama ambayo hukuiweka kwenye bajeti.

Takawiri iko upande mwingine kabisa wa nchi, na watu wengi wa Nairobi hawajui kwamba Kenya ina kisiwa chenye mchanga mweupe na minazi katikati ya ziwa. Unakwenda Mbita kwa barabara, kupitia Narok, Kisii na Homa Bay. Basi la usiku hukufikisha alfajiri. Au unaruka hadi Kisumu, unaenda kwa gari hadi Luanda K'Otieno, na kuvuka kwa feri karibu saa nzima hadi Mbita. Kutoka hapo ni maboti yanayoelekea kisiwa cha Mfangano. Keti upande wenye kivuli, na usikubali kuondoka bila jaketi la kujiokolea mwilini, si lile lililofungiwa chini ya benchi. Mahali pasipo na gati vijana hukubeba mabegani hadi nchi kavu. Mjomba wangu, mtu wa kilo mia na kidogo, alikataa kubebwa, akavua viatu vyake vya ngozi, na akaingia nacho kimoja tu nyumbani.

Kiwayu ndicho cha mbali kwelikweli. Kwanza ufike Lamu, halafu ongeza kilomita 50 hivi kuelekea kaskazini mashariki: spidiboti hadi saa mbili, jahazi siku nzima kama upepo una huruma. Unapita mkondo wa Mkanda, unakiacha kisiwa cha Pate kando, na hatimaye unaona kisiwa chembamba kama mkufu, bahari kuu upande mmoja na maji matulivu ya mikoko upande wa pili. Jambo ambalo halisemwi kwenye matangazo ni kwamba pesa yako haitaliwa na kodi ya banda. Italiwa na petroli ya boti. Boti hukodishwa zima, uwe mmoja au mwe wanane. Kwa hiyo Kiwayu ni ya kundi. Wawili wakienda peke yao wanalipia viti sita vya hewa.

Sasa kuhusu bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, pwani yetu hupata maji makubwa, na tofauti kati ya kupwa na kujaa yaweza kukaribia mita nne. Siku hizo maji hujaa alfajiri na saa kumi jioni hivi, na kukauka saa nne au saa tano asubuhi. Juma moja baadaye ni maji mafu: bahari haiendi mbali wala hairudi sana. Tofauti hii huamua kama mashua yako itafika mlangoni au utatembea na mizigo kwenye tope.

Nilijifunza hivyo kwa gharama. Tulikuwa tumekodi nyumba Shela, tukaamua kwenda kuona magofu ya Takwa, upande wa pili wa Manda. Huko huingii ila maji yakiwa yamejaa, kwa kijito kinachopita ndani ya mikoko. Nahodha, mzee mmoja mpole, alituchukua saa moja na nusu asubuhi akatuambia tuwe tumetoka ifikapo saa nne. Watoto walijificha magofuni, shangazi akataka picha kwenye kila ukuta, na tuliposhuka kijitoni ilikuwa saa tano na nusu. Mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye tope kama ng'ombe aliyeshiba. Tulikaa pale hadi saa kumi na moja jioni. Chakula kilikuwa pakiti mbili za biskuti. Kaa wadogo wenye gando moja jekundu walikuwa wanatoka mashimoni kwa mamia, na ukipiga makofi wote wanatoweka kwa mpigo. Watoto walipiga makofi saa nzima. Mama yangu alipoanza kunung'unika kwamba giza litatukuta, nahodha hakuinua hata kichwa: "Tulia mama, mai yaya." Kwa Kiamu, maji yaja. Na yalikuja, kimya kimya, kwanza yakilowesha mizizi ya mikoko, kisha chini ya mkuku, na mashua ikajisimamisha yenyewe.

Tusijione wajinga sana. Vita vya Shela, mnamo mwaka 1812 hivi, masimulizi ya Lamu yanasema majeshi ya Wamazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate yalishuka ufuoni hapo, na walipotaka kukimbia wakakuta mashua zao zimekwama kwa kuwa maji yamekupwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa amana, fungua kalenda ya mwezi. Kwa Kiwayu na Takwa utahitaji maji ya kutosha saa za mchana. Kwa wazee na watoto wadogo, mimi huchagua juma la maji mafu, hata kama nyumba ni ghali kidogo juma hilo. Takawiri haina habari hii. Ziwa halipwi wala halijai, na hilo pekee ni starehe.

Kisima kiko wapi?

Hili ndilo swali la pili, na nadhani ndilo kubwa zaidi.

Takwa yenyewe ulikuwa mji wa mawe, na uliachwa karne ya 17. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba maji ya visima yaligeuka chumvi. Watu walivuka wakajenga Shela. Na kwa nini Shela? Kwa sababu ya matuta yale ya mchanga ambayo watalii hupanda kupiga picha za machweo. Chini yake kuna maji matamu. Mvua hunywewa na mchanga na kuhifadhiwa, na mji wa Lamu umeishi kwa visima vya hapo. Ukiona mtu anajenga juu ya tuta, ujue anakalia tangi la mji.

Kwa mpangaji, maana yake ni hii: Shela maji yapo, ingawa ya bombani huwa na ladha ya chumvi kidogo na ya kunywa hununuliwa. Manda, ng'ambo, ina nyumba za makuti za kupendeza na ufuo mtulivu kuliko Shela, lakini haina maji matamu ya kutegemewa. Uliza yanaletwa vipi, na yakiisha usiku nani anapigiwa simu. Tuliwahi kukaa kwenye nyumba moja huko (jina nalihifadhi) ambayo tangazo lilisema "bafu tatu". Zilikuwa tatu kweli. Maji yalikuwa ya moja.

Wasini ni kisiwa cha matumbawe, na Wavumba wa pale wamehifadhi mvua kwenye jabia, matangi makubwa ya mawe, kwa vizazi. Ukioga ukiwa umefungulia bomba huku unaimba, unaimba juu ya mvua ya mwenzio. Oktoba ndio mwisho wa kiangazi, matangi yako chini. Chukua madumu ya maji ya kunywa Shimoni, mengi kuliko unavyodhani.

Kiwayu beba yote ya kunywa kutoka Lamu. Hakuna mjadala.

Takawiri ina kichekesho chake: umezungukwa na maji matamu hadi upeo wa macho, na huwezi kuyanywa hivi hivi. Chemsha au weka dawa. Zaidi ya hapo kuna kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na ufuo wa mchanga unaopigwa na mawimbi una nafuu, lakini nafuu si usalama. Kama watoto wataogelea, na wataogelea tu, wapelekeni kupimwa wiki kadhaa baada ya kurudi. Dawa ipo, praziquantel, na si kitu cha kutisha. Cha kutisha ni kutopima. Kuhusu malaria, kanda ya ziwa ndiyo yenye mbu wabaya kuliko zote nchini, na sisi wa Nairobi hatuna kinga. Zungumza na daktari kabla, na kagua chandarua kwa tochi kama unakagua noti.

Jikoni

Nyumba nyingi za Shela huja na mpishi. Mwanzoni niliona ni anasa, sasa naona ni busara, maana yeye ndiye anayejua mvuvi yupi kalala baharini na yupi kanunua samaki wa jana. Asubuhi unampa pesa na orodha, anaenda soko lililo kando ya ngome ya Lamu, anarudi na changu, nazi, na mkate wa mofa ukiwa bado na joto. Samaki wa kupaka wa mpishi wetu alimnyamazisha shangazi, na tangu siku hiyo sufuria ya biriani haijatajwa. Ijumaa adhuhuri usitarajie boti wala duka. Panga chakula mapema. Mkivuka kijijini, jistirini. Ni kijiji cha watu.

Kiwayu unabeba ghala lako: vitunguu, unga, mafuta, chumvi, mkaa kama mwenye banda atakuambia hana. Samaki hutamuuliza mtu, utawapata. Wavuvi wa Kibajuni huja na kamba mawe ambao hapa Nairobi ungewaona tu kwenye menyu yenye jalada la ngozi. Fedha taslimu ni muhimu, mtandao wa simu huja na kuondoka, na huwezi kumlipa mvuvi kwa ujumbe ambao haujatoka.

Wasini, mwachie mwenye nyumba akupikie kaa. Hutajuta.

Takawiri ni kwa wanaopenda samaki wa ziwani: mbuta, ngege na omena. Sukuma, nyanya na matunda nunua Mbita kabla ya kuvuka. Niseme kweli kuhusu omena: huanikwa kwenye nyavu juu ya mchanga huo huo wa kwenye picha, na harufu yake haina aibu. Siku ya kwanza utalalamika. Usiku wa kwanza, hata hivyo, toka nje ukakae kwenye mchanga. Wavuvi huwasha taa majini kuwavuta omena, mamia ya taa, hadi ziwa linaonekana kama Thika Road ukiitazama usiku kutoka juu, isipokuwa hakuna honi. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha bora ya likizo kuliko machweo yote ya Shela, ingawa dada zangu wananiona nimechanganyikiwa.

Mchanga wenyewe

Hapa sitakaa. Shela ina kilomita 12 za ufuo, pana, hazina kivuli hata cha kuning'iniza leso. Tembeeni kwa kundi, na msifike mbali jioni. Kiwayu ni mzuri zaidi, na hauna mtu. Takawiri ni mfupi, ni wa kutosha watoto. Wasini haina ufuo wa maana, ni mawe ya matumbawe. Mchanga wake ni ule wa fungu la Kisite, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa miaka ya sabini, unaojitokeza maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Unapelekwa na boti, unaona pomboo ukibahatika, unaogelea juu ya samaki wa kila rangi, unarudi. Anayetaka kutoka mlangoni na kukanyaga mchanga, Wasini si yake. Anayetaka kuona kilicho chini ya maji, hana haja ya kusoma zaidi.

Usalama, bila kupakana mafuta

Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara eneo la Kiwayu mwezi wa tisa, na Manda mwezi wa kumi. Mashambulizi yamewahi kutokea bara ya kaunti ya Lamu, na magari ya njia ya Garsen yamekuwa yakisindikizwa. Shela imejaa wageni tena, na nimelala huko milango wazi. Kiwayu iko karibu zaidi na mpaka wa Somalia, na sitakwenda kwa kusikia tu kwamba "siku hizi kuko sawa". Napiga simu wiki ile ile, kwa mwenye banda na kwa mtu mwingine asiyepata faida nikienda. Wakitofautiana, siendi. Wasini na Takawiri huna wasiwasi wa namna hiyo. Huko adui ni bahari chafu na dhoruba, na dawa yake ni kutosafiri majini baada ya saa kumi na moja jioni.

Mtu ataniuliza kuhusu kisiwa cha Mafia, Tanzania. Nimeitamani miaka, kwa sababu papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, huanza kuonekana karibu na Kilindoni Oktoba. Lakini ni pasipoti kwa kila mtoto, ndege hadi Dar es Salaam, na ndege nyingine ndogo. Kwa watu sita hesabu inakaribia ile ya binamu wa Glasgow. Wawili waliofunga ndoa mwaka huu na kuchangiwa vizuri, nendeni.

Sisi tumeamuaje

Mama ana miaka 74 na goti bovu. Kiwayu ikaanguka hapo. Dada yangu na mumewe watakwenda wenyewe na marafiki wanne kujaza boti. Takawiri nilipigania mimi, nikashindwa kwa kura tano kwa moja, sababu ikiwa ni omena na zile radi. Wasini ilipendwa na mwanangu wa kidato cha pili, na tumemwahidi Aprili, jambo ambalo si la haki kwa kuwa ndipo kusi inaanza, lakini hajasoma hadi hapa.

Ikabaki Shela. Nyumba ilikuwa ya kale, ya matumbawe na boriti, yenye daka mlangoni na zidaka ukutani, vyumba vinne. Nikachagua juma la maji mafu baada ya shule kufungwa, kabla ya Novemba ambapo tamasha la utamaduni la Lamu hupandisha kila kitu. Picha zilikuwa nzuri mno, na hilo lilimfanya Mama aombe simu azungumze na msimamizi mwenyewe. Hakuuliza vyumba wala bahari.

"Mwanangu, ngazi ni ngapi hadi kitandani?"

Kijana akasema hajawahi kuzihesabu, asubiri. Tulisikia kandambili zake zikipanda, polepole, na akihesabu kwa sauti ya chini. Akarudi akihema.

"Ishirini na moja, mama. Ya kumi na nane imemegeka ukingo. Lakini kuna chumba kimoja chini, kina joto kidogo, nitakutilia feni."

Mama akanirudishia simu. "Lipa," akasema.